Mawe Saba Yaliyokosa Kitanda

Nyinyi mliobaki korongoni mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau ni kwenu. Mimi nimestaafu kwa sababu karatasi zimesema nimefikisha miaka hamsini na mitano, si kwa sababu mgongo umelalamika. Juzi nimebeba gunia la mahindi kutoka shambani hadi darini, na kijana wa jirani alikuwa ananitazama akiwa amekaa. Kwa hiyo someni kwa adabu. Asiyetaka arudi kwenye toroli lake.

Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara wangu mke wangu anaujua, inatosha. Shule nilisoma hadi darasa la pili, ng'ombe wakahitaji mchungaji, ikaishia hapo. Kuandika barabara nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na ndevu, dawati moja na mke wangu. Yeye alifaulu kabla yangu. Nalisema mwenyewe mapema ili asije mwingine akalitangaza.

Nilianzia barabara kuu, wakati inawekwa lami kutoka Iringa kwenda Mbeya. Nilichimba mitaro pande za Nyololo, kwenye baridi ile inayouma masikio hata saa sita mchana. Kule nilijifunza sheria ambayo kila mtu wa kazi za mikono huku kwetu anaijua, awe ametoka barabarani au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Nyapara anapiga vigingi, anafunga kamba, anakupa ngwe yako. Ukishasafisha kilichomo ndani ya kamba, unakwenda nyumbani. Hakuna maswali. Kamba ndiyo amri. Shikeni hilo, maana litarudi kunipiga kichwani.

Miaka ya sabini ikiwa bado michanga, lami ikapita, kazi ikaisha. Nikasikia kuna korongo la kale, mwendo wa nusu siku kwa miguu toka barabarani, limewekewa ulinzi wa serikali, na wanatafuta watu wa kuchonga njia ya wageni. Wageni walikuwa wanateremka popote, wanakanyaga mawe yaliyochongwa na watu wa zamani sana, wengine wanatia mfukoni. Ikaamuliwa ichongwe njia moja yenye ngazi na mtaro, na anayetoka nje ya njia akaripiwe. Nikaenda kuomba kushika sururu.

Siku ya kwanza sikushika sururu. Alikuja mtu mfupi, Mnyakyusa wa Tukuyu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Jina lake Ambakisye. Akaokota vipande viwili vya jiwe, akaniwekea kiganjani.

"Kipi kimevunjika na kipi kimevunjwa?"

Nikavigeuza. Kimoja kilikuwa na makovu mawili matatu, yote upande mmoja, kama vile fundi anavyochonga mpini. Nikamwambia, "Hiki kina mwenyewe."

"Nani kakufundisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Hee. Mtu mwenye mwalimu mvivu namna hiyo!" Akacheka. Kesho yake akanipa daftari badala ya sururu.

Huyo Ambakisye mnamsikia kwenye hadithi tu. Hakuwa mtaalamu, alikuwa mpishi. Miaka mingi aliwapikia wataalamu waliokuja kuchimba, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na maji na beseni, wakamtupia na mawe ayaoshe. Asubuhi anaosha mawe kwa mswaki, jioni sahani. Mwisho akawa anawasahihisha wenye vyeti vyao. Kwa heshima, anawawekea chai kwanza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ambayo nyinyi leo mnaiita kwa jina refu, nami naiita kutazama jembe. Wengine wanachimba njia, wewe unasimama hatua mbili mbele yao, mgongo kwenye jua ili kivuli chako kisikudanganye, na unatazama kila pigo. Husemi neno. Unasikiliza pia. Chuma kikigonga kokoto kinasema kwa ubutu, kikigonga jiwe la kuchongwa kinalia juu. Kikilia, unapaza sauti: "Simama!" Wote wanaweka vyombo chini. Unaingia na mwiko wa mwashi na brashi, unapima kwa futikamba kutoka kwenye kigingi, unaandika kina, rangi ya udongo, na jiwe limelala vipi. Udongo uliotoka unapita kwenye chekeche. Kisha unasema, "Haya," wanaendelea.

"Udongo uko wa aina mbili," alikuwa anasema. "Uliolala na ulioamshwa. Uliolala ukiuamsha, uuandikie. Haulali tena mara ya pili."

Alivyostaafu kurudi Tukuyu aliniachia mwiko wake. Mpini ulikuwa umeliwa na kidole gumba chake mpaka umekuwa na shimo. Kidole changu hakikuenea. Nimeutumia hivyo hivyo mpaka ukaenea.

Sasa nijisifu, maana hamna mwingine atakayefanya. Katika njia ile yote, kutoka juu getini hadi chini, hakuna jembe lililopita jiwe la kuchongwa bila mimi kulisikia. Niliwahi kusimamisha watu kumi na mmoja kwa sababu ya kizibo cha soda, nakubali. Niliwahi pia kuandika kurasa mbili nzima juu ya mfupa niliodhani ni wa zamani, mpaka mama mmoja akaja kunitajia jina la mbuzi wake aliyekuwa nao. Lakini kilichokuwa cha kweli hakikunipita. Vibarua wakaniita Bwana Simama. Walinichukia, na nilijua kwa nini: kila nikisema "simama," ngwe zao zinachelewa, jua linazama hawajaona mashamba yao. Mimi nilijibu kwa kusimama vizuri zaidi.

Aliyekuwa ananichachafya kuliko wote ni Mama Tumaini, Mhehe, mjane, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alifanya kazi Mufindi miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Ngwe yake ilikuwa inaisha kwanza kila siku, na akiimaliza anaifagia kwa fagio la matawi kama uani kwake.

"Bwana Simama," alikuwa anasema, "ukifa tutakuzika umesimama."

"Chimbeni kina cha kutosha basi," nilimjibu.

Njia ilipokaribia chini kabisa ya korongo, ikafika kwenye kiwanja kidogo kama cha kuanikia mpunga. Pale mvua zilikuwa zimeondoa mchanga wa juu, na mawe yamelala wazi jinsi wenyewe walivyoyaacha. Makubwa, mengi yana umbo la ulimi wa ng'ombe. Thamani ya pale si mawe, maana mawe tunayo. Thamani ni mahali kila jiwe lilipolala: hili karibu na lile, hapa aliketi mtu akichonga, pale alitupa lililomshinda. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam, dada wa chuo kikuu tuliyemwita Ndugu Rehema, alikuwa aje kuyachora moja moja kabla ya mvua. Alituma barua: njia ipite kando, kiwanja kisiguswe.

Nikakizungushia vigingi. Kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi nusu, nikavuta kamba na katikati, nikakigawa vipande virefu vilivyonyooka, ili Ndugu Rehema akija akute amerahisishiwa. Nikakitazama nikajipongeza. Kisha nikapanda lori kwenda Mbeya kutafuta waya mpya wa chekeche. Sikumwambia mtu chochote. Nani angethubutu kugusa kitu nilichokifunga mimi?

Nilikaa Mbeya siku tatu, maana waya wa matundu madogo ulikuwa haupatikani. Narudi siku ya Jumatano, mchana. Nashuka njiani, naona weupe.

Mnajua desturi yetu. Mgeni mkubwa akija shuleni, kambini, ofisi ya kijiji, jambo la kwanza ni mawe pande zote mbili za njia yapakwe chokaa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kwetu Jumamosi. Ndugu Msimamizi, aliyekuwa juu yangu kwa kazi ile, alikuwa ametoa amri: njia ipambwe. Na ilikuwa imepambwa. Kutoka getini hadi chini, mawe meupe yamepangwa kama meno. Yote ukubwa mmoja. Yote umbo la ulimi wa ng'ombe.

Niliteremka nikikimbia. Kiwanja kilikuwa kitupu. Vigingi vyangu vipo, kamba zangu zipo, ndani hamna hata jiwe moja. Kipande cha mwisho, upande wa mtaro, kilikuwa kimefagiwa.

Vibarua walikuwa wamekaa kando wanakula viazi. Nilipiga kelele ambazo sitaziandika, maana wengine mnaimba kwaya. Aliyenijibu ni mmoja tu.

"Kwani kosa liko wapi?" Mama Tumaini akasimama. "Tumeambiwa leteni mawe mazuri. Tumekuta umeshatupimia. Watu tisa, ngwe tisa. Tumemaliza ngwe zetu."

"Ile siyo ngwe!"

"Ina vigingi?"

"Ndiyo."

"Ina kamba?"

Nikazitazama kamba zangu.

"Sasa wewe, mtu wa barabarani, kamba na vigingi ukivikuta unafanyaje? Unaviimbia?" Mtu mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Yeye hakucheka. "Miaka mitatu tunasikia simama, simama. Siku hata moja hukutuambia tunasimamia nini."

Nimepigwa na mengi katika maisha haya. Ng'ombe amenitupa, lori limenikosakosa Chimala. Hakuna kilichoniingia kama neno lile. Nilikaa chini pale pale, na kwa mara ya kwanza nikawaeleza: waliochonga, namna walivyoketi, kwa nini jiwe likitolewa kitandani mwake linabaki jiwe tu. Niliongea mpaka viazi vikapoa. Nilipomaliza, Mama Tumaini akauliza, "Hayarudishiki?"

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Jiwe lililolala muda mrefu linajichimbia kitanda. Ukilitoa, udongo unabaki na sura yake, kama ufizi baada ya jino. Tumbo la jiwe lina rangi ya udongo, mgongo umepauka kwa jua. Mvua ilikuwa bado. Na zaidi ya yote, kila mtu alikuwa amesafisha ngwe yake. Kila mmoja anajua kamba zake, na kila mmoja alikuwa ameyapanga mawe yake mwenyewe kwenye njia, maana walikuwa wakishindana nani katoa mazuri.

Nilikuwa naanza kugawa kazi Ndugu Msimamizi alipofika.

"Nani kakuruhusu kung'oa mapambo?"

"Hayo si mapambo, Ndugu. Hayo ndiyo korongo lenyewe."

"Mawe ni mawe. Mgeni anakuja Jumamosi. Akiondoka yarudisheni huko, myatawanye tu vizuri. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyefunga kamba."

Akanitazama kama mtu anayesoma kibao kilichofutika. "Mdemu, una watoto wanasoma. Huna cheti. Nje ya hapa hakuna mtu atakayekupa kalamu, utapewa jembe. Mimi nakwenda Iringa, narudi Ijumaa. Nikute mawe ni meupe na yako njiani."

Alisema kweli tupu. Ndiyo maana iliniudhi. Gari lake lilipopanda mlima, nikawageukia wale tisa. Nikawaambia anayeogopa aende nyumbani, sitamwandika popote. Hakuondoka mtu. Mama Tumaini alikuwa tayari anachota maji kuondoa chokaa.

Kazi ile, vijana wangu, hamtaiona tena, na ombeni msiione. Mtu anapiga magoti kwenye ngwe yake na jiwe lake mkononi, analigeuza, anatafuta. Likikaa lilivyokuwa, utalijua. Halichezi. Linanyamaza. Likicheza hata kidogo, siyo kwake, toa. Nilikagua kila moja kwa kidole, nikaandika. Jumatano jioni, Alhamisi kutwa, Ijumaa mpaka adhuhuri. Mengine yalibaki na chokaa kwenye makovu, mswaki haukufika. Nikaandika na hilo.

Yalikuwa mia moja na thelathini na manne. Mia moja na ishirini na saba yalipata vitanda vyake. Saba yalikataa. Yote saba ni ya ngwe ya Mama Tumaini, kwa sababu yeye peke yake alifagia, na fagio lilikuwa limejaza mashimo madogo. Mchapakazi kuliko wote ndiye aliyeharibu zaidi. Alijaribu moja moja hadi vidole vikachubuka.

"Yaweke tu popote humo humo," mtu mmoja akashauri. "Ni saba tu."

Mama Tumaini akanitazama, anangoja. Nikayatia kwenye kasha la sabuni. Kisha nikafungua daftari nikaandika kwa herufi kubwa za kisomo: MAWE SABA HAYANA PAHALA. Chini yake: Kamba nilifunga mimi. Sikumwambia mtu maana yake. Kosa ni la Y. Mdemu.

Ndugu Msimamizi alirudi jioni, akakuta njia haina hata jiwe. Hakukuwa na muda wa kupaka mengine. Mgeni akaja Jumamosi, akateremka, akapanda, akasifu ngazi, akaondoka. Mpaka leo sijasikia kiongozi aliyekufa kwa kukosa jiwe jeupe.

Jumatatu nikaitwa. Ndugu Msimamizi alikuwa ameshasoma daftari. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitia wasiwasi.

"Mgeni kapita salama, mawe yamerudi. Sina ugomvi na wewe. Chana huu ukurasa tu."

Kwenye ukurasa ule kulikuwa na kosa langu, lakini pia kulikuwa na mstari unaosema amri ya chokaa ilitoka kwa nani.

"Daftari lililochanwa ukurasa," nikamwambia, "ni kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Akicheka tu, umejua."

"Basi chagua. Ukurasa au kazi."

"Kazi ni yako, Ndugu, umenipa wewe. Ukurasa ni wangu."

Nikalichukua daftari mezani, nikalitia ndani ya shati, nikatoka. Akanipigia kelele nirudi nyumbani nikangoje barua. Nikangoja. Mke wangu, aliyefaulu kabla yangu, alikaa akasoma ukurasa wote. Akasema, "Umekosea 'thelathini'." Kisha akasema, "Usichane." Akaenda kuuza maharage yaliyokuwa ya mbegu ili tusukume wiki.

Barua haikufika kwanza. Aliyefika ni Mama Tumaini, anahema, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene! Yule dada wa Dar yuko korongoni. Anauliza aliko mwenye daftari. Ndugu Msimamizi anasema hakuna daftari. Nimemwambia liko kwenye shati la Bwana Simama."

Nilikwenda na daftari, na kule nikachukua kasha la sabuni nilipoliacha. Ndugu Rehema alikuwa na umri wa kuwa binti yangu, miwani imening'inia kwa uzi. Alisoma amesimama, polepole, mpaka mwisho. Ndugu Msimamizi alikuwa anaangalia mlima.

"Haya saba yako wapi?"

Nikafungua kasha.

"Kwa nini hukuyaweka popote? Nisingejua kabisa."

"Hayakukaa."

Akashuka kiwanjani. Akapiga magoti, akaweka kidole kwenye jiwe la kwanza, la pili, la kumi. Halikucheza hata moja. Akainuka akapangusa magoti.

"Ningekuta yote yamekaa, nisingechora hata moja," akasema. "Watu hawarudishi yote. Mtu aliyeniambia saba yamemshinda, huyo nitamwamini kwa yale mengine." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini kufunga kamba bila kusema neno, Mzee Mdemu, kwa watu waliolelewa na ngwe? Huo ni uzembe."

Nililimeza. Nusu yake.

Alichora siku nyingi. Ngwe ya mwisho aliichora tupu, akaandika kwamba imefagiwa. Mimi nikarudishwa kazini. Ndugu Msimamizi alihamishwa baadaye, sikuuliza wapi. Mama Tumaini nikamfundisha kutazama jembe, na ndiye anayewafundisha nyinyi sasa, kwa hiyo mkisikia "Simama!" kwa sauti ya kukera, mjue mbegu ilitoka wapi. Lakini yeye akishasema simama, anasema na kwa nini. Hilo hakulipata kwangu.

Mawe saba bado yamo kwenye kasha, kwenye rafu ya juu, chokaa kwenye makovu. Kila aliyeingia kazini nimempa ayashike siku yake ya kwanza. Nasikia kuna anayetaka kuyasugua yapendeze. Aache. Na kuna anayesema ukurasa ule unaitia aibu ofisi. Aanze kunichana mimi.

Mmenifanyia sherehe ya kuniaga, nashukuru. Mlinunua mchele wa Usangu, mkachinja, mkaweka kiti chenye kitambaa. Na kwa kunipa heshima mkapanga mawe meupe kutoka getini hadi kwenye kiti changu, pande zote mbili, yamepakwa vizuri sana. Nikasimama getini. Mkaanza kupiga makofi, mkadhani nimeguswa moyo.

Najua mlinicheka. Mlisema mzee amezidi. Lakini niliinama kwa mgongo huu huu mnaosema umechoka, nikapindua la kwanza nikatazama tumbo lake. Kisha la pili. Yalikuwa ya machimbo ya barabarani, hayana mwenyewe, hongereni. Niliyapindua yote mpaka la mwisho ndipo nikakaa.

Wali ulikuwa umepoa. Na upoe.